Tembo wachimba maji, sisi twala wali

Mhariri,

Oktoba hii niliwapeleka wajukuu wangu wawili Hifadhi ya Ruaha, yapata kilomita 130 kutoka hapa Iringa mjini. Wao walitaka simba. Tulimwona mmoja, amelala, mkia tu ukifukuza inzi.

Kilichotushika ni tembo jike ndani ya mto Ruaha Mkuu. Nasema ndani ya mto, kumbe ni mchanga mtupu. Alichimba kwa mguu wa mbele, akaingiza mkonga, maji ya kwanza yenye tope akayamwaga, kisha akanywa taratibu. Pembeni swala na nyani wanasubiri zamu. Nusu saa nzima hatukusema neno, ingawa gari la jirani liliunguruma muda wote (madereva, zimeni injini jamani!).

Zamani mto huu haukukauka. Tangu 1993 hukatika wakati wa kiangazi, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga huko Usangu, mkoani Mbeya. Mjukuu akaniuliza, "Babu, ni ule mchele wetu wa Mbeya?" Nikajifanya natafuta darubini.

Naomba gazeti lako litufuatilie: mpunga ukishavunwa, ile mifereji hufungwa na nani?

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa