Barua kwa mwanangu rubani aliyeanza kuvuta sigara

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninakushukuru kwa kunieleza waziwazi kwamba umeanza kuvuta sigara, kwani wengi wa rika lako wangenificha. Unasema cheti chako cha afya cha daraja la kwanza kimetoka bila dosari, na kwamba rubani hanyimwi cheti kwa sababu tu anavuta. Hilo ni kweli, wala sibishani nawe. Ninachokuomba ukizingatie ni kwamba daktari hukupima ukiwa ardhini, ilhali sigara humdhuru rubani akiwa angani, miaka mingi kabla madhara hayo hayajaonekana katika majibu ya vipimo.

Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa mtu asiyevuta, himoglobini iliyotekwa hivyo kwa kawaida haifiki asilimia 2. Kwa mvutaji huweza kuwa kati ya asilimia 3 na 10, na baada ya sigara ya mwisho nusu yake huchukua saa 4 hadi 6 kuondoka. Sasa fikiria kwamba hewa ndani ya ndege ya abiria huruhusiwa kuwa nyepesi kama ilivyo futi 8,000 juu ya usawa wa bahari. Mwenzako asiyevuta huanza kupaa damu yake ikiwa na nafasi yote ya kubeba oksijeni, lakini wewe unapaa sehemu ya nafasi hiyo ikiwa imekwisha kuchukuliwa, hata mwili wako uwe kama uko juu kuliko unavyosoma kwenye altimita, kile kipimo cha kimo cha ndege. Macho ndiyo hutangulia kuathirika. Uwezo wa kuona usiku huanza kushuka kwenye futi 5,000 hivi hata kwa mtu mzima wa afya, kwa kuwa sehemu ya jicho inayonasa mwanga hafifu huhitaji oksijeni nyingi, na hakuna rubani anayeweza kuhisi upungufu huo ukimjia.

Uliniandikia kwamba kile kifaa cha kubana kidole, kinachopima oksijeni katika damu, hukuonyesha asilimia 98. Mwanangu, kifaa cha kawaida cha aina hiyo hupima kwa mwanga, na hakiwezi kutenganisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksidi, bali huzihesabu karibu sawa. Hili limenitia hofu kuliko jambo jingine lolote uliloandika, maana umeweka imani yako kwenye kipimo kisichoweza kukuonya.

Kuhusu cheti chenyewe, habari za saratani unazijua, nami sitazirudia. Moyo ndio unaowaondoa marubani kazini. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka rubani aliyevuka miaka 50 apimwe umeme wa moyo kila mwaka, na linashauri apimwe kila miaka 2 kati ya miaka 30 na 50, kwa sababu kinachoogopwa ni rubani kuzidiwa ghafla akiwa kwenye usukani. Sigara huiharibu mishipa ya moyo taratibu, kisha presha na mafuta ya damu humalizia. Yapo pia yanayowapata vijana: pafu la mvutaji huwa rahisi zaidi kutoboka na kusinyaa ghafla, na hewa iliyovuja kifuani huzidi kupanuka kadiri ndege inavyopanda. Aliyepatwa na hilo husimamishwa kuruka mpaka madaktari waridhike.

Usidhani kwamba sigara ya kielektroniki ni njia ya kukwepa haya yote. Haina moshi wa tumbaku iliyochomwa, lakini nikotini yake huongeza mapigo ya moyo, na uraibu unabaki palepale. Mwezi Julai 2018, rubani msaidizi wa ndege ya Air China iliyokuwa ikitoka Hong Kong kwenda Dalian alivuta sigara ya namna hiyo katika chumba cha marubani, akataka kuzuia mvuke usiwafikie abiria, akazima mitambo ya hewa kimakosa. Ndege ililazimika kushuka kwa dharura hadi kimo cha chini. Sikusimulii haya ili nikulinganishe naye. Ninataka uone kiu ya nikotini inavyoweza kumshinda mtu aliyesomea hatari zake.

Ukiamua kuacha, usianze usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa siku za kwanza huleta hasira, usingizi mbovu na akili isiyotulia. Anza mwanzoni mwa likizo. Usinunue dawa yoyote kabla ya kumwuliza daktari wa marubani: vareniklini, ambayo huwasaidia wengi kuacha, ilikatazwa kwa marubani na mamlaka ya anga ya Marekani mwaka 2008. Mweleze pia kwa uaminifu kwamba unavuta, kwa sababu fomu ina swali hilo na jibu la uongo linaweza kukugharimu cheti ambacho sigara yenyewe haijakunyima.

Niandikie unijulishe likizo yako inaanza lini, nami nitapanga niwe nawe wiki ile ya kwanza.

Akupendaye daima,
Mama yako