Kisanduku cha kutafuta daktari kisimtahini mgonjwa

Mhariri,

Mifumo ya wagonjwa mtandaoni inapojadiliwa, watu huishia kwenye rangi na vitufe. Kinachomfanya mgonjwa akate tamaa na kupiga simu mapokezi huwa nyuma ya skrini: maneno ambayo mfumo unayatambua, na taarifa za madaktari zenyewe.

Visanduku vingi vya kutafutia vimejengwa juu ya majina ya idara. Mgonjwa anaandika "presha", "sukari" au "mgongo", anajibiwa hakuna matokeo. Kinachotakiwa ni jedwali la visawe, ambamo neno moja la mgonjwa linaelekezwa kwenye taaluma moja au zaidi. "Mgongo" umpeleke kwa daktari wa kawaida kwanza, kisha mifupa, mishipa ya fahamu na fiziotherapia. Mpangilio huo uidhinishwe na daktari, mprogramu asiubuni. Jedwali lilishwe na kumbukumbu za maneno yaliyokosa majibu, zipitiwe kila wiki mwanzoni. Zihifadhiwe bila utambulisho wa mgonjwa, na neno lililotafutwa lisiwekwe kwenye anwani ya ukurasa, maana anwani husomwa kirahisi na vifuatiliaji vya takwimu na matangazo. Anayeandika "maumivu ya kifua" au "nashindwa kupumua" aone maelekezo ya dharura kabla ya orodha yoyote ya madaktari.

Majina nayo yana mitego yake. Kwa makosa ya tahajia, kanuni inayotumika sana ni kudai herufi zilingane kabisa kwa neno la herufi 1 au 2, kuruhusu kosa 1 kwa herufi 3 hadi 5, na makosa 2 kwa neno refu zaidi. Ukilegeza zaidi ya hapo, anayemtafuta Juma analetewa Rama. Lakini kanuni hiyo peke yake haitoshi: Mohamed na Muhammad yanapishana kwa makosa 3 (herufi mbili zimebadilishwa na moja imeongezwa), hivyo moja halitalipata jingine. Tahajia za namna hii ziingizwe kwenye orodha maalumu ya majina, moja baada ya nyingine. Kazi inachosha, ila haina njia ya mkato.

Kosa linaloudhi kuliko yote ni la muundo wa hifadhidata. Daktari mmoja anahudumu kliniki tatu, mfumo unamwonyesha kama watu watatu. Au alama ya "anapokea wagonjwa wapya" imebandikwa kwa daktari, wakati kliniki mbili kati ya hizo zimejaa. FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo, kinamtenga daktari, mahali, na wadhifa wake mahali hapo kuwa rekodi tofauti. Saa za kazi na upokeaji wa wagonjwa wapya vikae kwenye wadhifa. Kila rekodi iwe na tarehe ya uhakiki wa mwisho, na iliyopitwa na wakati irudishwe kwa kliniki ithibitishwe. Mgonjwa akishafunga safari bure mara moja, haamini tena orodha nzima.

Vichujio vichache vinatosha: taaluma, mahali, lugha, jinsia ya daktari, bima, siku. Kila kimoja kionyeshe idadi ya madaktari watakaobaki kabla hakijaguswa. Vichujio vikifuta majibu yote, mfumo useme ni kichujio gani kikiondolewa yatarudi, badala ya kuacha ukurasa mtupu. Ruhusa ya kujua mahali alipo mtu iombwe pale tu anapogusa "karibu nami", na aweze kuandika eneo kwa mkono. Orodha ipangwe kwa nafasi ya miadi iliyo karibu zaidi; mpangilio wa alfabeti unawajazia foleni wenye majina ya A bila sababu.

Kuhusu vitufe, mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unaohusu kurahisisha matumizi ya tovuti kwa watu wenye ulemavu, unataka angalau pikseli 24 kwa 24, ukiwa na misamaha kadhaa. Kwa mtu anayetetemeka mkono hizo ni chache mno. 44 kwa 44 ndizo zinazofaa.

Kabla ya kuzindua, wapeni wagonjwa kazi halisi wakiwa na simu zao wenyewe. Msiwaambie "tafuta bingwa wa masikio, pua na koo", kwa kuwa mmeshawapa jibu. Waambieni: mtoto anaumwa sikio, anahitaji daktari Jumamosi. Halafu nyamazeni, mwangalie wanaandika nini.

Msanifu wa mifumo ya afya