Barua kwa wanangu mlioajiriwa

Wanangu,

Salamu kwenu nyote. Najua mmeshachoka kuambiwa "fanya kama biashara ni yako", na wengi wenu huicheka kauli hiyo pembeni. Siwalaumu. Mtu haoni uchungu na biashara asiyojua faida yake inatoka wapi.

Basi anzieni kwenye hesabu. Tuseme duka linabakiwa na faida ya asilimia 5 ya mauzo baada ya kutoa gharama zote. Katoni iliyonunuliwa kwa 1,000 ikalowa stoo kwa kuwa hakuna aliyeiinua sakafuni. Kuuza katoni nyingine moja hakuzibi pengo hilo; inabidi muuze mali ya 20,000 ndipo mrudi mlipokuwa. Mwenye mali akiitazama ile katoni anaiona hiyo 20,000. Mwajiriwa anaona katoni moja imelowa, basi. Tofauti iko hapo, wala si katika kukesha ofisini. Kukesha mara nyingi ni uchovu tu.

Tena jueni kwamba kuuza siyo kulipwa. Ankara ikilala miezi mitatu bila mtu kumkumbusha mteja, mishahara yenu ndiyo inayoyumba, hata kama mauzo yanapendeza kwenye karatasi.

Mwaka 1983, huko Springfield, Missouri, nchini Marekani, mameneja walikinunua kiwanda cha kukarabati injini kutoka kampuni ya International Harvester. Mkopo ulikuwa mkubwa, mtaji wao kiduchu. Wakawafundisha mafundi wa karakana kusoma mahesabu ya kampuni, na wakawapa hisa. Nawaomba wakubwa wanaosoma barua hii waitazame vizuri habari hiyo: vitabu vilifunguliwa, na wafanyakazi wakapata fungu lao. Kudai moyo wa mwenye mali huku daftari limefichwa ni kuwaonea watu.

Nanyi mkiona tatizo, msiende kwa bosi na manung'uniko matupu. Mwambieni linagharimu kiasi gani kwa mwezi na ninyi mngelitatuaje. Akikataa, sawa, ujuzi huo ni wenu na mtahama nao.

Kwa sasa, kila mmoja amwendee mhasibu amuulize: katika kila 100 tunayouza, tunabakiwa na ngapi?

Ni mimi, mzee wenu.