Mafundi wa ala za muziki tukumbukwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni seremala wa Ngamiani, Tanga. Mbali na vitanda na milango, hutengeneza magitaa na udi zilizovunjika.

Hivi karibuni mgeni mmoja aliniletea gitaa la Kireno lililoachia gundi ubavuni. Jamani, ile ni kazi ya mkono! Lina nyuzi 12 za chuma, jozi sita. Kichwani halina vigingi kama vya udi. Lina bamba la chuma lililotanuka kama kipepeo cha mkono, lenye skrubu 12, kila moja ikivuta uzi wake. Nilimulika ndani kwa tochi: mbavu zimepindwa kwa moto bila ufa, na vijiti vinavyoshikilia ubao wa mbele vimepunguzwa kwa patasi hadi vikawa vyembamba mwishoni. Ubao ukiachwa mnene, sauti haitoki. Fundi yule alijua pa kuacha.

Wareno wanauenzi muziki wao wa fado, unaopigwa kwa gitaa hilo, na mwaka 2011 UNESCO iliutambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sisi Tanga tuliwatoa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu ya magitaa. Mpingo wetu unachongwa klarineti ng'ambo. Lakini vijana wanaokuja karakanani kwangu wanajua makochi tu.

Vyuo vya ufundi viweke somo la kutengeneza ala za muziki. Mimi niko tayari kufundisha bure, na zana ninazo.

Seremala,
Ngamiani, Tanga