Barua kutoka Kyoto: mtoto mkimbiaji na ukweli wa mwili wake

Kyoto, Japani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mama mfikishie shikamoo yangu. Ujumbe wako niliupata. Unauliza kama mbio zitamjenga mwanao au zitamharibu, sasa kwa kuwa amechaguliwa kukimbia mita 5,000 za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na nyumbani hazungumzi kingine. Zinaweza kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kwa ninavyoona, kinachoamua ni kama anafundishwa kusema kweli kuhusu mwili wake au anafundishwa kuficha. Watu husifu uvumilivu kwanza. Kwa kijana wa miaka 16, mimi naanza na ukweli.

Huku wanafunzi wa sekondari wanalelewa na mbio ziitwazo ekideni. Ni mbio ndefu za barabarani za kupokezana, lakini hawapeani kijiti, wanapeana mshipi wa kitambaa uitwao tasuki. Kila Desemba shule zilizoshinda katika mikoa yote 47 huja kushindana hapa Kyoto. Wavulana huwa saba na hugawana umbali wa marathoni, kilomita 42.195: wa kwanza hukimbia 10, wa pili 3, wa tatu na wa nne 8 na ushei kila mmoja, wa tano 3, wa sita na wa saba 5. Wasichana huwa watano na hukimbia nusu ya umbali huo.

Tasuki ina upana wa sentimita 6 na urefu wa kama mita 1.7. Inavaliwa begani ikapita kifuani hadi chini ya kwapa la upande wa pili. Zikibaki mita mia chache mkimbiaji anaivua, anaizungusha mkononi isimponyoke, halafu anaikabidhi ikiwa imenyooshwa kwa mikono miwili ndani ya eneo la mita 20. Wa mwisho anaipokea ikiwa nzito kwa jasho la wenzake sita. Hakuna hotuba ya kocha inayomfikia mtoto kama kile kitambaa kilicholowa.

Sasa angalia mwendo, maana hapo ndipo tabia inapoonekana mapema. Kijana anayetaka kumaliza mita 5,000 kwa dakika 15 ana raundi 12 na nusu za uwanja, kila raundi sekunde 72. Akitoka na raundi ya kwanza ya sekunde 66 kwa sababu anashangiliwa, amekopa sekunde sita, na miguu itazidai. Kuanzia kilomita ya tatu raundi zinakuwa 75, 76, 77, na alichokipata mwanzo kimeshaliwa chote. Akiwa peke yake hasara ni yake. Akiwa na tasuki begani, deni anampa mwenzake aliyesimama kituoni akimsubiri.

Kwa hiyo mazoezi yanamfundisha kujipima. Wanakimbia kilomita moja mara tano, katikati wakipumzika kwa mita 200 za mwendo wa pole, na kila kilomita mwingine anashika usukani. Aliye mbele anatakiwa kupita kila raundi kwenye muda uliopangwa, akikosea isizidi sekunde moja. Anayekwenda 69 ili aonekane hodari anarudishwa nyuma ya mstari, sawasawa na anayekwenda 75. Asubuhi wanakimbia taratibu, dakika tano kwa kilomita au zaidi, kwa kasi ya mtu anayeweza kuongea bila kuhema. Mwendo huo wa pole vijana wengi wanauchukia, kwa sababu hauwapi nafasi ya kushinda mtu. Mwambie mwanao amkumbuke Alphonce Simbu kwenye marathoni ya Septemba 2025 mjini Tokyo: alivumilia ndani ya kundi karibu njia nzima, akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho, na wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha ilipatikana hivyo.

Kinachonitia hofu ni maumivu yanayofichwa. Katika umri huu mfupa unarefuka haraka kuliko unavyokomaa. Kijana akiongeza kilomita ghafla, muundi unapata ufa mwembamba. Dalili yake ni maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi akikimbia, na akirukaruka kwa mguu huo mmoja yanachoma pale pale. Akisema siku hiyo, kwa kawaida atapumzika wiki sita hadi nane na mfupa utaunga. Akinyamaza hadi siku ya mashindano, mfupa unaweza kukatika njiani. Katika ekideni, mmoja akishindwa kufika kituoni timu nzima haina nafasi kwenye matokeo, hata kama wengine sita wamekimbia vizuri mno.

Najua mtasema habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza marathoni. Namheshimu mzee huyo kutoka moyoni. Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 30, yuko Olimpiki, na jeraha lake kila mtu aliliona. Mwanao ana mbio za wilaya. Asijilinganishe naye kwa kuchechemea kimyakimya.

Hili lina upande wa mwalimu pia. Bakora na matusi hufanya mtoto awe mjuzi wa kuficha, basi. Japani wenyewe wamelipia somo hilo kwa uchungu, na mwaka 2013 vyombo vyao vya michezo vilitoa tamko la pamoja la kukomesha ukatili michezoni. Nenda ukaongee na mwalimu wake kwa heshima. Muulize: mtoto akikuambia anaumwa, wewe unafanya nini? Jibu lake litakueleza mengi kuliko vikombe vilivyopangwa ofisini.

Mnunulieni daftari. Kila asubuhi kabla hajainuka kitandani ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, aandike. Yakipanda kwa 10 juu ya kawaida yake, siku hiyo akimbie pole au asikimbie kabisa. Aandike saa alizolala, umbali, muda, na mahali panapouma hata kama ni padogo. Usimsimange kwa alichoandika, la sivyo wiki ya pili utasoma uongo.

Chakula, kwa kifupi: ale ashibe, na maharage, dagaa na mboga za majani visikosekane, pamoja na chungwa au limau ili madini ya chuma yaingie mwilini. Chai isubiri saa moja baada ya kula. Akianza kuchoka bila sababu na kasi yake inashuka, mpelekeni akapimwe damu. Asichomwe sindano za chuma ili akimbie haraka. Huku shirikisho la riadha lilibidi liingilie kati kuzikomesha mashuleni, kwa sababu chuma kikizidi hujikusanya kwenye ini. Na binti yenu naye akianza mbio, hedhi ikikatika miezi mitatu msiseme ni mazoezi tu. Mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake inadhoofika. Aende hospitali.

Mkitaka kujaribu ekideni hapo shuleni, haina gharama. Kateni kitenge kipande cha upana wa sentimita 6 na mkishone ncha kiwe duara. Chagueni watoto saba na barabara isiyo na magari mengi. Sehemu ya kwanza apewe mwenye kifua cha kuhimili msukumano, zile ndefu za katikati apewe anayeweza kukimbia peke yake bila kuona mtu mbele, na fupi wapewe wadogo wenye kasi. Kabla ya kuanza kila mmoja aandike kwenye karatasi muda anaodhani atatumia. Baadaye linganisheni, na mpongezeni aliyekaribia zaidi makadirio yake, hata kama alikuwa wa mwisho.

Wawepo na wa akiba wawili. Huku mtoto asiyepangwa kukimbia ndiye anayekaa na mwenzake kituoni, anamshikia koti na maji na kumhesabia muda hadi tasuki ifike. Siku moja mpangeni mwanao kazi hiyo, aifanye hadi mwisho, halafu muangalie usoni mkirudi nyumbani.

Saa ya kupimia muda nimeituma pamoja na viatu. Viatu ni vya mazoezi tu, avivae wiki mbili kwa mbio fupi kabla ya kuviamini. Daftari likifikisha kurasa 14, zipige picha zote unitumie, hasa kurasa za siku mbaya.

Kaka yako