Barua kwa Hamisi, kabla hujapanda treni

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Zaituni amenisomea ulichowaandikia wanafunzi wenzako wapya wa Bagamoyo, kwamba filamu uipendayo kuliko zote ni Seven Samurai, ile ya Mjapani Akira Kurosawa. Baba, filamu ile ina dakika 207, na wewe uliizima kabla wale mashujaa hawajatimia saba. Mtaa mzima unajua kwa kinywa changu kwamba unakwenda kusomea filamu, na sitaacha kuwaambia. Lakini hili la kuikana Police Story uipendayo kweli na kujitia kupenda ya watu limenikaa kooni.

Usiikane. Jackie Chan aliiongoza mwenyewe mwaka 1985, na ndani yake mna somo la kazi hiyo hiyo unayoifuata. Rudia mapigano ya dukani mwishoni. Mara nyingi kamera inakaa mbali kiasi cha kuuona mwili mzima, na picha haikatwi katikati ya pigo: mguu unatoka, unafika, mtu anaangukia vioo, vyote ukiviona kwa mkupuo mmoja. Anapoteremka kwenye ile nguzo yenye taa, tukio linarudiwa kutoka pembe nyingine ili usibaki na shaka kwamba ni yeye. Sasa ilinganishe na filamu ambayo ngumi moja ina mikato mitatu na kamera inatetemeka. Mara nyingi hapo mwigizaji hajui kupigana, au mazoezi yalikuwa mafupi, na mhariri akabaki na kazi ya kuficha. Jicho lako limelelewa na pigo linaloonekana, ndiyo maana hizo nyingine zinakuchosha. Wakikuuliza darasani, waambie hivyo. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekucheka kwa jibu hilo.

Kisha watazame waliomtangulia huyo unayempenda. Katika Project A ya 1983 anaanguka kutoka mnara wa saa akipasua maturubai. Mwaka 1923, Harold Lloyd alikwishaning'inia kwenye saa ya ghorofani katika Safety Last! Katika Project A Part II ya 1987 ukuta unamwangukia, naye anapona kwa sababu amesimama penye uwazi. Hilo ni la Buster Keaton, katika Steamboat Bill, Jr., 1928. Filamu hizo za Lloyd na Keaton ni za enzi ya kimya, hazina mazungumzo ya kusikika ya kutafsiriwa, na hilo ni jema kwako. Wewe umekulia vibanda umiza, hivi vya video vya mtaani, ambako sauti ya mtafsiri inafunika nyayo, muziki, hata ukimya. Watafsiri wale wana kipaji na siwadharau, ila sikio lako limekaa miaka yote bila kazi.

Ili sikio lipate kazi, fanya hivi. Mara ya kwanza tazama filamu yote bila kusimamisha. Mara ya pili chagua dakika tano tu, zima sauti, na piga mstari daftarini kila picha inapobadilika. Usijaribu kuhesabu filamu nzima, utachoka na hesabu itakuwa ya uongo. Mara ya tatu rudia dakika zile zile simu ikiwa kifudifudi, usikilize tu. Halafu andika sentensi moja: nini kilinishika, na kilifanywaje. Na hiyo tabia yako ya kuongeza kasi uiache, maana mwongozaji ameupima ule muda wa kusubiri pigo, nawe unautupa.

Mkipata televisheni bwenini, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kile kinacholainisha mwendo, kizime. Filamu nyingi hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ikibuni fremu za kujazia katikati, kila kitu kinaonekana kama tamthilia ya mchana. Na picha ya kale iliyo karibu na mraba usiivute ijaze skrini. Acha ile mistari myeusi pembeni, la sivyo Keaton atanenepa.

Utaonyeshwa filamu zitakazokuchosha. Tazama La Noire de... ya Msenegali Ousmane Sembène, 1966, haizidi sana saa moja. Fuata kinyago kilichomo tu: kinatundikwa wapi, nani anakishika, lini kinahama. Sikiliza pia kwamba sauti ya moyoni ya Diouana, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, si ya mwigizaji unayemwona. Ilisemwa na Toto Bissainthe. Ikikuchosha, sema imekuchosha na useme ni wapi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, isubiri mpaka umalize riwaya ya Adam Shafi. Kitabu nimekiweka kwenye begi, chini ya shuka.

Na hiyo Seven Samurai ina njia yake. Sholay, ile ya Kihindi, unazijua nyimbo zake zote. Ni ya 1975, wanaume wawili wanaajiriwa kumkabili jambazi anayewatesa wanakijiji. Imechota kwa The Magnificent Seven, ya Kimarekani ya 1960, nayo hiyo ilitengenezwa upya kutokana na ile ya Kurosawa ya 1954. Pita njia hiyo, uimalize, ndipo uwaandikie wenzako upya. Kwa sasa futa ulichoandika, uwaambie Police Story. Nakuomba, Hamisi.

Flashi niliyokupa haipokei faili linalozidi GB 4. Ukitaka ipokee, ibadilishe mpangilio wake wa kuhifadhi faili uwe ule uitwao exFAT, lakini hamisha kwanza vilivyomo kwa sababu vyote vitafutika. Migebuka imekauka vizuri. Iache kwenye karatasi ndani ya kapu, ukiifunga kwenye plastiki itatoa jasho na kuota ukungu. Dumu la mawese nimelitia nailoni chini ya kifuniko, lisimame wima, mbali na begi la nguo. Mjomba wako atakuwa stesheni ya Tabora na asali, basi ukifika huko usilale. Nusu ya asali ni ya shangazi yako wa Dar, usiifungue. Bati la jikoni fundi amelipiga misumari mipya, kwa hiyo hela uliyotaka kuniachia ya paa nenda nayo, ununue spika za masikio zenye waya. Zisizo na waya mara nyingine huchelewesha sauti, utaona mdomo umefunga na neno ndiyo kwanza linafika.

Mama yako