Barua ya Wazi kwa Shangazi Yangu Kuhusu Moto wa Milele

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu kutoka Busia. Siku tulipomzika babu ulisema, udongo ukiwa bado mbichi, kwamba baba yako yuko motoni kwa sababu alifariki bila kubatizwa, na watoto waliosimama karibu nawe walikusikia. Sikukujibu, maana si adabu kubishana na mkubwa mbele ya waombolezaji. Sasa nakujibu, kwa heshima ile ile.

Ufufuo wa Bwana nauamini kama ulivyoandikwa: kaburi lilikuwa tupu, na Tomaso alionyeshwa majeraha. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure, nami sithubutu kulipunguza neno hilo. Lakini si kila andiko limesemwa kwa namna hiyo. Katika Marko 9 Bwana anaagiza mkono unaokosesha ukatwe, na sijasikia kanisani kwetu mtu aliyenoa panga kwa ajili hiyo. Yule tajiri wa Luka 16 anateseka katika moto, naam, ila kosa linaloonekana pale ni Lazaro aliyelala mlangoni pake na njaa. Ubatizo hautajwi kabisa.

Wewe huenda Namugongo, Uganda, kila Juni kuwaheshimu wafiadini waliouawa kwa ajili ya imani. Kati ya wale 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 yumo Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa mwaka 1886 akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi anayejiandaa kubatizwa, maji ya ubatizo hayajamgusa. Najua utasema kwamba babu hakuwa mkatekumeni wala hakufia imani, na ni kweli. Hata hivyo Paulo, katika Warumi 2, anataja watu wasio na sheria ambao matendo yao yanaonyesha kuwa sheria imeandikwa mioyoni mwao, nami nikisoma hapo namwona babu akimtengea mjane jirani yetu fungu la muhogo kabla hajashona gunia la kupeleka sokoni. Hukumu ipo, naiamini na kuiogopa, lakini hatukupewa sisi kuitamka makaburini.

Mtoto wa mwisho wa kaka hakubali kulala peke yake tangu mazishi. Nakuomba umwite, umweleze kwamba ulisema kwa uchungu, na kwamba anayejua alipo babu ni Mungu peke yake.

Mwanao akupendaye.